Mnara Unajua Ulikolala

Ukimuuliza mtu simu inafuatiliwaje, mara nyingi atanyoosha kidole juu. Setilaiti, atasema. Jibu hilo limeenea sana, na ndilo linalowafanya wengi wafunge dirisha huku mlango uko wazi. Setilaiti za GPS ziko angani kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kazi yake ni kutangaza tu: kila moja inasema yenyewe ni ipi, iko wapi na saa hizi ni saa ngapi. Simu yako husikiliza nne au zaidi, hupima kila tangazo limechelewa kiasi gani kufika, kisha hupiga hesabu yenyewe na kujua ilipo. Hairudishi neno huko juu. Setilaiti haijui kama uko Tandika, Kisauni au Goma.

Anayejua ulipo ni mnara.

Mtu akikupigia, mtandao hauwezi kukuita kwenye minara yote ya nchi ukisubiri uitike mmojawapo. Ni lazima uwe unajua tangu mwanzo uko upande gani. Ndiyo maana simu, hata ikiwa imetulia mfukoni, hujitambulisha kila baada ya muda, na tena kila inapotoka kwenye kundi moja la minara kuingia jingine. Ukipiga, ukituma ujumbe, ukihamisha pesa au bando likiwa linatumika, mtandao unajua mnara wenyewe uliokushika na uso upi wa mnara huo, maana minara mingi ina nyuso tatu, kila uso ukihudumia theluthi ya duara. Ukiongea kwa 2G, mnara hupima na umbali wako pia, kwa hatua za mita 550 hivi, kwa kuwa bila kujua mawimbi yako yanachelewa kiasi gani hauwezi kukupangia zamu ya kusikika. Kariakoo, ambako minara imebanana, hesabu hiyo inakuweka mtaani kwako. Kijijini, mnara mmoja unapohudumia kilomita nyingi, inakuweka upande fulani wa kata.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji simu janja. Kitochi cha bei ya chini kabisa kinajitambulisha vilevile. Ukiingia kwenye mipangilio ukazima kitufe cha lokesheni, mnara hauguswi hata kidogo. Kubadili laini nako kunasaidia kidogo mno. Bonyeza *#06# sasa hivi na utaona namba yenye tarakimu 15. Hiyo ni IMEI, namba ya mashine yenyewe, na laini mpya ukiitia kwenye simu ile ile inajitangaza pamoja na namba ile ile. Tanzania, laini yenyewe imefungwa kwenye kidole chako: usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kufikia tarehe 20 Januari 2020 ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo mtandao unajua laini iko wapi, iko ndani ya simu ipi, na mwenye laini ni nani kwa jina lake la kitambulisho cha taifa.

Sina ugomvi na mnara kujua nilipo. Usipojua, simu haiiti. Ugomvi wangu ni na daftari. Kila simu iliyopigwa, kila ujumbe na kila matumizi ya bando huacha mstari mmoja: namba yako, namba ya upande wa pili, saa, muda, IMEI, na mnara. Mstari huo unahitajika kwa ajili ya kukukata salio. Ukishamaliza kazi hiyo hautupwi, bali unakaa. Na kitu kilichokaa kinaweza kuombwa, kununuliwa, kuibwa, au kupitishwa mkononi na mtu wa ofisini ambaye hutamjua kamwe. Kwa hiyo swali la faragha ya simu, kwa maoni yangu, ni hili: nani anatunza mistari ile, kwa muda gani, na anaitoa kwa amri ya nani. Mengine yote ni matawi.

Tuna kisa chetu wenyewe, na mwandishi wa Kiswahili akiliandikia jambo hili bila kukigusa atakuwa amewakwepa wasomaji wake.

Tarehe 7 Septemba 2017, mchana, Tundu Lissu alikuwa ametoka kikao cha asubuhi cha Bunge mjini Dodoma. Wakati huo alikuwa mbunge wa Singida Mashariki kupitia CHADEMA na rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Alipofika nyumbani, akiwa bado ndani ya gari, alimiminiwa risasi, na 16 zikampata. Alikimbizwa Nairobi, baadaye Ubelgiji, na akaishi.

Miaka saba ilipita. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti yaliyokuwa yakisikilizwa katika baraza la kazi mjini London. Mlalamikaji alikuwa Michael Clifford, askari wa zamani wa polisi wa London aliyekuwa mchunguzi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki mtandao wa simu wa Tigo Tanzania kabla ya kuuuza mwaka 2022. Clifford alidai kwamba alifukuzwa kazi kwa sababu ya kuibua jambo moja, dai ambalo kampuni ililipinga. Jambo lenyewe, kwa mujibu wa hati zilizowekwa mbele ya baraza, lilikuwa hili: kuanzia tarehe 22 Agosti 2017 Tigo ilikuwa ikiipa serikali ya Tanzania taarifa za simu mbili za Lissu, na kuanzia tarehe 29 Agosti ufuatiliaji uliongezwa nguvu, zikafuatiliwa usiku na mchana mahali zilipo, kwa mitambo na kwa watu.

Hesabu siku mwenyewe, kutoka tarehe 29 Agosti hadi tarehe 7 Septemba.

Hakuna mahakama iliyosema kwamba taarifa zile ndizo zilizowaelekeza wapiga risasi, nami sisemi hivyo. Habari ile ilipochapishwa, hakuna mtu aliyekuwa amefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo, na pasipo kesi hakuna wa kuunganisha mambo hayo mawili wala wa kuyatenganisha. Ninachosema ni kidogo zaidi, nacho kinanitosha kukosa usingizi. Mteja alilipia vocha kama mteja mwingine yeyote. Alikuwa mwanasheria, tena kiongozi wa wanasheria wa nchi nzima, mtu anayejua haki zake kifungu kwa kifungu. Na bado alikuja kujua miaka saba baadaye, kupitia ugomvi wa kazi kati ya kampuni na mfanyakazi wake katika nchi nyingine. Kama Clifford angenyamaza, tusingejua hadi leo.

Mtu wa kawaida husoma habari kama hiyo akajiambia kwamba hayo ni ya wakubwa wenye siasa zao. Kijana mmoja wa Ujerumani alilijibu wazo hilo vizuri kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitunga. Malte Spitz, mwanasiasa wa chama cha Kijani, aliitaka kampuni yake ya simu, Deutsche Telekom, impe kila ilichokuwa imekitunza juu yake. Ilikataa, akaenda mahakamani, mwishowe ikampa. Ilikuwa miezi sita, Agosti 2009 hadi Februari 2010, mistari zaidi ya 35,000. Mwaka 2011 aliikabidhi kwa gazeti la Die Zeit, nao wakaiweka kwenye ramani ya mtandaoni ambayo msomaji aliweza kuiendesha kama filamu. Kidoti kinatembea. Kinapanda treni, kinashuka mji mwingine, kinasimama, kinarudi Berlin, kinalala. Unaona saa anazoamka na njia anayopenda kupita, na unaona usiku ambao hakulala kwake. Hakuna neno hata moja la mazungumzo yake mle ndani, na bado ukimaliza kuitazama unajihisi umechungulia dirishani.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikuwa tayari imeifuta sheria iliyozilazimisha kampuni kutunza taarifa hizo, Machi 2010. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikafuta agizo la namna hiyo la Umoja mzima. Sauti ya mtu haikuwa imerekodiwa popote. Majaji waliona kwamba mahali na saa vinatosha kumwaga maisha ya mtu hadharani.

Kampuni hujitetea kwamba majina huondolewa. Utetezi huo ulipimwa. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichapisha uchunguzi wa safari za wateja wa simu milioni 1.5 kwa miezi 15, majina yakiwa yamefutwa, mahali pakijulikana kwa mnara tu na wakati kwa saa nzima tu, bila dakika. Waligundua kwamba nukta nne, yaani mahali pane na saa zake, zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Jaribu juu yako. Saa kumi na mbili asubuhi kituo cha daladala Mbagala, saa mbili kazini Posta, saa kumi na moja jioni mazoezini Kigamboni, Jumapili saa tatu kanisani Temeke. Ni wangapi wengine Dar es Salaam wana nukta hizo nne kwa saa hizo? Jina lako limefutwa, na aliyezoea kukuona mara nne tu atakutambua.

Lakini siwezi kuandika sura hii kana kwamba daftari lile halijawahi kumfaa mtu. Kenya lilifanya kazi ambayo daktari yeyote angeitamani. Amy Wesolowski, Caroline Buckee na wenzao walichukua kumbukumbu za minara za wateja karibu milioni 15 wa Kenya, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, wakazilinganisha na ramani ya malaria, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona katika jarida la Science. Walionyesha njia ambazo vimelea vya malaria husafiri ndani ya damu za wasafiri, hasa kutoka kandokando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi, ambako mbu wenyewe hawaenezi sana ugonjwa. Ukijua hivyo, unajua pa kupeleka dawa na vyandarua. Hakuna mteja aliyetajwa, na hakuna aliyesakwa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba daftari lile lile, nchi ya jirani, lilitumika bila kumdhuru mtu. Tofauti ililetwa na nani aliliomba, kwa shabaha gani, na kwamba matokeo yalichapishwa kila mtu ayaone.

Hadi hapa nimesema juu ya mnara, ambao una mwenyewe, una leseni, na una ofisi unayoweza kwenda kugonga mlango. Programu za ndani ya simu hazina hata hayo.

Chukua programu ya nyakati za swala. Kwa Mwislamu wa Tanga, Lamu au Muscat haina uzushi wowote: inahitaji kujua ulipo ili ikupe saa ya alfajiri na mwelekeo wa kibla. Ni ombi la haki kabisa. Muslim Pro, iliyotengenezwa na kampuni ya Singapore, ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 kufikia Novemba 2020, mwandishi Joseph Cox wa tovuti ya habari ya Motherboard alipoandika kwamba taarifa za mahali za watumiaji wake zilikuwa zikienda kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode. X-Mode ilikuwa ikiziuza taarifa za namna hiyo kwa wakandarasi, na kupitia kwa wakandarasi zikalifikia jeshi la Marekani. Muslim Pro ilikana kwamba iliwahi kuliuzia jeshi, na ikatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Inawezekana kabisa walisema kweli. Ndivyo biashara hii ilivyojengwa: mtengenezaji wa programu hutia ndani yake kipande kidogo cha programu cha kampuni nyingine, hulipwa kidogo kidogo, na baada ya hapo hajui tena taarifa zimepita mikono mingapi. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku X-Mode, ambayo sasa inaitwa Outlogic, kuuza taarifa za sehemu nyeti, zikiwamo hospitali na nyumba za ibada.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu hakuna mtu ndani yake aliyefanya uzembe. Aliyepakua alitaka kuswali kwa wakati. Aliombwa ruhusa, akaitoa kwa jambo aliloelewa. Hakuombwa ruhusa ya lile la pili.

Kiasi cha taarifa zinazozunguka hivyo kilionekana mwaka 2019, gazeti la The New York Times lilipopewa faili moja lenye nukta zaidi ya bilioni 50 kutoka kwenye simu za Wamarekani zaidi ya milioni 12, na waandishi wakaweza kuwafuata maofisa wa jeshi na wanasheria mpaka milangoni pao. Lilitoka kwenye kampuni moja tu, na mkusanyo wenyewe haukuvunja sheria.

Kuna mfuatiliaji mwingine ambaye hahitaji kampuni wala wakandarasi, naye hulala chumba kimoja na anayefuatiliwa. Mume huichukua simu ya mkewe dakika mbili, hufungua Google Maps, huwasha kushirikisha mahali pasipo na kikomo, na kuanzia hapo anaona kila hatua kwenye simu yake. Kuna wanaoona huo ni upendo, na wapo wanandoa waliokubaliana hivyo kwa moyo safi. Lakini kwa mwanamke anayepanga kumkimbia mtu anayempiga, kitufe kile kinaweza kumfikisha mpigaji mpaka kwa shangazi alikojificha. Kwa hiyo ukimsaidia ndugu kuondoka nyumba ya aina hiyo, jambo la simu lifanyeni mapema na kwa utulivu. Kagueni nani anashirikishwa mahali ndani ya ramani na WhatsApp, akaunti ya Google au ya Apple imefunguliwa kwenye vifaa vipi vingine, na nenosiri linajulikana na nani. Na kabla ya kuzima chochote, fikirieni: anayemfuata akiona nukta imepotea ghafla atafanya nini? Wakati mwingine ni salama zaidi kuiacha simu ile nyumbani, ikiwaka, na kuondoka na nyingine.

Kwa sisi wengine, hatua ni chache na hazichukui muda. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mahali, utazame orodha ya programu zilizoruhusiwa. Ya teksi na pikipiki iruhusu wakati unaitumia tu. Ya nyakati za swala iruhusu mahali pa kukadiria badala ya mahali kamili, maana jua halichomozi saa tofauti Magomeni na Ilala. Tochi, kikokotoo na mchezo wa karata havina haja ya kujua chochote. Programu za mikopo ya haraka zinazodai mahali na orodha ya namba zako zote kabla ya kukupa hata shilingi, mimi nasema ziondoe. Futa kitambulisho cha matangazo, ambacho ndicho wafanyabiashara hutumia kuziunganisha nukta zako. Picha unayoituma WhatsApp kama picha huondolewa alama ya mahali ilipopigwa, ila ukiituma kama faili inakwenda nayo. Na ukimwambia dereva "nakutumia lokesheni", tuma ya mahali pamoja badala ya ile ya kutembea nawe kwa saa nane.

Hayo yatapunguza yanayokusanywa na programu. Daftari la mnara halitapungua hata mstari mmoja, na hapo ndipo kitufe kinapokoma na sheria inapoanza.

Marekani, Juni 2018, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne, katika shauri la Carpenter, kwamba polisi hawawezi kuchukua tu kumbukumbu za minara bila kibali cha mahakama. Zilizokuwa zimechukuliwa zilihusu siku 127 na zilikuwa na nukta 12,898, kama nukta mia moja kila siku. Kwetu, Katiba ya Kenya inalinda faragha katika ibara ya 31 na ya Tanzania katika ibara ya 16. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Sheria zote mbili zinaacha mlango kwa ajili ya usalama wa taifa, na mlango huo ndio unaonitia hofu. Kenya, baada ya maandamano ya vijana ya mwaka 2024 na utekaji uliofuata, gazeti la Nation liliripoti mwezi Oktoba kwamba vyombo vya usalama vimekuwa vikizifikia kumbukumbu za wateja wa kampuni ya simu ya Safaricom. Safaricom ilikana, ikasema hutoa taarifa kwa amri ya mahakama tu. Raia hana njia ya kupima kauli hizo mbili, na hilo ndilo kosa la kurekebishwa: sheria iitake kila kampuni itangaze kila mwaka imeombwa taarifa mara ngapi, na nani, na mara ngapi kulikuwa na amri ya mahakama, kisha mteja ajulishwe baada ya upelelezi kwisha.

Wabunge hawataiandika sheria hiyo kama hakuna anayeuliza. Lakini haki ya kuuliza tunayo tayari, na karibu haitumiki. Chini ya sheria zote mbili unaweza kuitaka kampuni ikueleze ina taarifa gani zako na ikupe. Andika barua au barua pepe kwa mtandao wako. Taja namba yako, kisha uliza: mnatunza kumbukumbu za minara niliyotumia? Kwa muda gani? Mmewahi kuzitoa kwa mtu au chombo chochote, lini, na kwa amri ipi? Omba nakala. Tunza tarehe uliyotuma. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, Tanzania peleka lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Kenya kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka imalize uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90.